Vitenzi vya Kifaransa: anzia kwenye nous

Wewe unayeanza Kifaransa muhula huu hapa Nairobi, jedwali la vitenzi lisikutawale. Mimi nililikariri miezi mitano ndani ya matatu, Kayole hadi mjini. Siku mteja Mkongomani aliponiuliza bei dukani, nilibaki nikitafuta mstari wa jedwali huku yeye akisubiri.

Kifaransa hubeba mzigo wake mkiani. Sisi husema ni-ta-maliza, nafsi na wakati mbele. Wao husema je finir-ai. Kwa hiyo tega sikio mwisho wa neno, ingawa parle (nasema), parles (unasema) na parlent (wanasema) hutamkwa sawa kabisa. Ndiyo maana hawadondoshi je (mimi) au ils (wao) kama sisi tunavyodondosha "mimi".

Shika kwanza umbo la nous, yaani sisi: parlons (tunasema), finissons (tunamaliza), vendons (tunauza). Toa -ons, weka -ais, -ais, -ait, -ions, -iez, -aient, na imparfait, wakati uliopita wa kuendelea, iko tayari: je finissais, nilikuwa nikimaliza. Wakati ujao hukaa juu ya kitenzi kizima, parlerai, finirai. Vendre hupoteza e ya mwisho, vendrai. Vika shina hilo viambishi vya imparfait, utapata -nge- yetu: je finirais, ningemaliza.

Subjonctif, umbo la kitenzi cha jambo linalotakwa, ndiyo inayoogopwa zaidi, na inaniuma, kwa sababu umeitumia tangu utotoni. "Mama anataka nimalize," husemi "namaliza": a imegeuka e. Maman veut que je finisse. Chukua ils finissent, toa -ent, weka -e, -es, -e, -ions, -iez, -ent. Jifunzie kwa finir, si parler, maana je parle haibadiliki na hutaona tofauti yoyote. Hata "natumaini atamaliza" inafuatana nao: j'espère qu'il finira, bila subjonctif.

Kiswahili kitakuponza mahali pamoja. Sisi huweka -nge- pande zote mbili: ningemaliza mapema, ningekula nyumbani. Mfaransa huiweka upande mmoja tu. Baada ya si yao, yaani "kama", hutumia imparfait. Si je finissais tôt, je mangerais à la maison. Tunga sentensi tano za namna hii kila jioni, zihusu siku yako mwenyewe, na uziseme kwa sauti.