Tanuri la Piza Ndani ya Baa ya Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mdogo wangu tumekodi jengo la zamani lililokuwa baa, ambalo lina kaunta ya mbao, meko ya kuotea moto ukutani na stoo ya mapipa ya bia chini ya sakafu, nasi tunataka kuligeuza mgahawa wa piza. Mdogo wangu anashauri tanuri la kuni tulijenge mbele ya meko kwa kuwa dohani ipo tayari, na stoo tuifunge kwa sababu haina kazi tena. Je, yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, mdogo wako amekosea mara mbili, na kosa la kwanza linaweza kuwaunguzia jengo. Meko ile iliwashwa ili watu waote moto, ilhali tanuri la piza hubaki na moto mkali saa zote za biashara. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2010 iliyoisajili piza ya Napoli kuwa chakula cha jadi hutaja joto la nyuzi 485 za Selisiasi na muda wa kuoka usiozidi sekunde 90. Ufa wa dohani ambao zamani ulivujisha harufu ya moshi tu utapitisha joto hadi kwenye mbao za dari, na masizi mazito yaliyoganda ndani yanaweza kushika moto. Dohani hiyo isafishwe, ikaguliwe, kisha ipitishiwe ndani bomba la chuma cha pua linalohimili moto wa kuni.

Hata kabla ya kumwita fundi wa dohani, shuka stoo na tochi utazame juu. Tanuri la matofali linaweza kuzidi tani moja, na ingawa meko yenyewe huwa imejengwa kutoka kwenye msingi, hatua moja mbele yake pengine hakuna kitu ila boriti. Zichome kwa bisibisi pale zinapoingia ukutani na chini ya kaunta, ambako bia imemwagika miaka nenda rudi. Ncha ikizama kama kwenye sabuni, ubao umeoza. Hata ikigoma, uzito huo ukokotolewe na mhandisi.

Stoo msiifunge kamwe, kwani ndiyo mali yenu. Stoo za bia kwa kawaida hutunzwa kwenye nyuzi 11 hadi 13, na katika ubaridi huo hamira hufanya kazi polepole, hivyo madonge ya unga hukaa muda mrefu yakikolea ladha, ilhali karibu na tanuri yangeumuka upesi na kulegea kabla mteja hajafika. Mkiendelea kuuza bia ya pipa, wekeni humo king'ora cha kaboni dayoksaidi, gesi inayosukuma bia kutoka kwenye pipa, maana ni nzito kuliko hewa, haina harufu, na ikivuja hutuama chini na kumkosesha mtu pumzi.

Kaunta nayo ibaki, ila msikandie unga juu yake: ilitengenezwa kwa kimo cha mnywaji aliyesimama na kuegemeza viwiko, na mkandaji atachoka mabega mapema. Kama jengo limehifadhiwa kisheria, ombeni kibali kabla ya kugusa chochote. Na mhandisi akiikataa sakafu, nunueni tanuri la umeme bila kinyongo. Ni jepesi zaidi, halihitaji dohani ya kuni, na binafsi nimekula piza nzuri sana iliyotoka humo.