Raha za kipupwe huku kwetu Njombe

Juzi msomaji mmoja ameniandikia ujumbe mrefu wa malalamiko. Mume wake amehamishiwa kikazi Makete, wamefika kwenye mwezi wa tano, na sasa Julai imewakuta. "Dada, mimi mtu wa Tanga," anasema. "Huku watu mnaishije? Maji asubuhi yanauma vidole, watoto wanalia wakiitwa kuoga, saa moja jioni kila mtu yuko kitandani. Mnapata raha gani?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, tena kwa ukali zaidi. Nikaona nimjibu hapa mbele ya wote. Najua wengi mnaonisoma mnatafuta kile ninachotafuta mimi: shamba linalotosha, nyumba isiyo na kelele za ugomvi, na watoto watakaotamani kurudi nyumbani wakishakuwa wakubwa.

Mimi nimekulia Dar, Temeke, ambako kipupwe ni ule upepo mtamu wa Juni na Julai unaokufanya uzime feni. Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, habari ni nyingine kabisa. Mbingu ikiwa safi na upepo ukitulia, joto lote la mchana linapaa usiku na baridi nzito inateremka mabondeni. Alfajiri unakuta nyasi zimekuwa nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, na maharage uliyopanda kwenye kinyungu, yaani bustani ya bondeni, yameungua majani. Barafu ikipiga vibaya, jasho la wiki nzima linaondoka usiku mmoja.

Kwenye kicheni pati yangu, shosti wangu mmoja alisimama akatangaza kwamba naolewa na jokofu. Watu walicheka hadi machozi. Nami nilicheka nao, bibi harusi utafanyaje? Lakini lile neno lilinikaa kooni. Msimu wa kwanza wa baridi niliuishi kama mtu anayesubiri basi. Nilivaa masweta mawili ya mitumba na kitenge juu yake, nikala nimejikunyata, nikalala mapema ili siku iishe. Mume wangu naye alikuwa chini ya blanketi na simu yake. Walipozaliwa watoto, nao wakapewa mablanketi yao na chumba chao. Sitawachosha na miaka ya katikati, ilifanana.

Aliyetufumbua macho ni mama mkwe. Ni mama wa maneno machache, wale ambao wakikohoa tu watoto wanakaa sawa. Alikuja kukaa nasi msimu mmoja baada ya mavuno, akatutazama jioni mbili tatu tukitawanyika vyumbani, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, nyumba hii ina watu, au ina vitanda?"

Sikuwa na jibu, na hakulingoja. Kesho yake jua lilipozama alitandika mkeka kwenye jiko la nje, akamwaga kiroba cha mahindi katikati, akakoka moto wa kuni za miwati. Halafu akaita kila mtu kwa jina, na mwanawe akiwemo: njooni tupukuchue.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu. Watoto walilia vidole gumba. Bibi yao akawaonyesha: unang'oa mstari mmoja wa punje kwanza, kisha unachukua gunzi tupu unalisugulia hilo lenye mahindi, punje zinaporomoka zenyewe. Viazi vikafukiwa kwenye majivu. Magunzi yakawa yanarudi motoni, kwa hiyo kazi yenyewe ilikuwa inatupasha joto. Bibi akaanza vitendawili. Mwanangu wa mwisho alijua jibu moja tu duniani, na kila akisikia "tega" alikuwa ameshapaza sauti, "Yai!" Tulicheka, bibi akaamua kutega cha nyumba isiyo na mlango ili mtoto naye apate ushindi wake.

Lakini kilichonishangaza ni mume wangu. Huyu ni mtu ambaye ukimuuliza habari za kazini anakujibu "nzuri" na imeisha hiyo. Usiku ule, akisugua magunzi, alisimulia walivyokuwa wakienda shule peku asubuhi za barafu, na jinsi walivyokuwa wakiwaamsha ng'ombe njiani ili wasimame pale ng'ombe walipolala, ardhi ikiwa bado ya moto, wapashe nyayo. Mama yake akacheka: "Ndiyo maana mlikuwa mnachapwa kwa kuchelewa!" Miaka yote ya ndoa, hadithi ile sikuwahi kuisikia. Ilihitaji mikono yenye kazi na moto mmoja.

Basi dada yangu wa Makete, jibu langu ndilo hilo: moto mmoja. Usimpe kila mtu blanketi lake na kona yake. Chagua mahali pamoja penye joto, peleka kazi pale, watu watakuja wenyewe. Kama huna mahindi, kuna maharage ya kuchambua, kuna viazi vya mbegu vya kutenga, kuna sare za shule za kushona vifungo. Likizo ya Juni ndiyo ya kuanzia, watoto wako nyumbani. Ukikaa bure mbele ya moto, baada ya muda mfupi mtu anatoa simu. Ukiwa na kazi mikononi, unatoa maneno.

Kuni ziandae mapema, Aprili na Mei, zikauke. Miwati ni bora, inawaka kwa nguvu na makaa yake yanakaa. Paini ina utomvu, inarusha cheche na kufukiza moshi, usiikoke karibu na watoto. Na hapa naomba unisikilize vizuri: jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala. Najua mnafanya. Mnafunga madirisha, mnaweka jiko katikati, mnalala. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Inakulaza, na asubuhi huamki. Ota moto jikoni mlango ukiwa wazi, kisha nendeni kulala bila jiko.

Jua nalo ni la kuchuma kama mboga. Kuanzia saa tatu ukuta unaotazama mashariki unapata joto, na hapo ndipo sisi tunakunywea uji tukiota jua, majirani wakipita na salamu zao za "kamwene". Hicho ndicho kikao changu ninachokipenda kuliko vyote, na hakina gharama. Habari ya kuoga ni rahisi: nani kakuambia watoto waoge alfajiri? Siku zisizo za shule waogeshe saa nane mchana, maji ya moto, nje ya upepo. Vilio vitaisha. Bustani ya bondeni ifunike kwa nyasi kavu jioni, uifunue jua likitoka. Sisi kazi ya kufunika ni ya watoto, na nawaambia bila haya, binti yangu anazitazama nyota jioni akatangaza, "Mama, leo barafu itapiga," na mara nyingi anapatia. Mtoto wa darasa la nne! Nioneshe mtoto wa mjini anayeangalia mbingu.

Agosti kuna Nane Nane. Ya kanda yetu huwa Mbeya, viwanja vya John Mwakangale. Mkiweza nendeni familia nzima, watoto waone ng'ombe wa maziwa na mbegu mpya. Kwetu maandalizi ya safari hiyo yanaanza pale pale kwenye mkeka, kila mtu anasema atakachotaka kuona, na baba yao anaahidi vitu ambavyo baadaye lazima nimkumbushe.

Sasa neno kwa akina baba, maana nanyi mnanisoma hata kama hamjitokezi. Baridi ikianza mnasingizia kwenda kupasha mwili. Komoni kilabuni, hadi saa nne usiku. Ndugu zangu, pombe haipashi mwili joto. Inapanua mishipa ya damu karibu na ngozi, unajisikia wa moto, kumbe joto la ndani linatoka nje. Anayerudi amelewa usiku wa Julai yuko hatarini kuliko asiyekunywa. Na nyumbani moto umeshazimika, watoto wamelala wakisubiri hadithi ambayo haikuja. Mnalalamika watoto hawawaheshimu, hawawasikilizi. Wamewasikia wakisema nini? Kaa kwenye mkeka. Sugua gunzi. Mke wako akikukuta pale, hata ugali utakuwa na ladha nyingine.

Na akina mama tuache kuihesabu baridi kama adhabu. Kila siku "jamani baridi, jamani baridi," mbele ya watoto, nao wanajifunza kuchukia kwao. Kijiji hakina kosa. Tunawafundisha wenyewe kwamba raha iko mahali pengine, halafu wakiondoka tunalia.

Yule shosti wa jokofu, mwaka jana alinipigia simu. Kwanza habari za joto la Dar, mgao wa maji, foleni. Kisha: "Shoga, nasikia viazi vya huko ni vizuri, huwezi kunitumia gunia?" Nilimtumia, tena nikachagua vikubwa. Sina kinyongo naye, msinielewe vibaya. Lakini nilipokuwa nashona mdomo wa lile gunia nilijikuta natabasamu peke yangu.

Umeuliza pia, dada, kama mwende Kitulo mwishoni mwa wiki kuona maua, kwa kuwa mko karibu. Msiende sasa. Hifadhi ile, tangu 2005 hifadhi ya taifa, inasifiwa kwa okidi zake, lakini maua yanafuata mvua. Julai mtakuta nyasi kavu na upepo wa kukata masikio, na watoto wataapa hawarudi tena. Ngojeni mvua zikolee, kati ya Desemba na Aprili, mbebe makoti hata hivyo. Kwa sasa tafuteni mkeka mkubwa.