Spoki za nyuma kukatika kwenye safari ya njia ya reli ya zamani

Umeuliza kwa nini spoki za gurudumu la nyuma la baiskeli hukatika ukibeba hema, na kama njia ya bondeni iliyokuwa reli inafaa kwa siku nne.

Njia inafaa sana. Treni hazimudu milima mikali, kwa hiyo mwinuko kwa kawaida hauzidi mita 2 kwa kila mita 100. Tatizo ni kwamba utakanyaga pedeli bila kupumzika, na makalio yatakufa ganzi usipoinuka kwenye kiti mara kwa mara.

Kuhusu spoki: nyingi hukatika kwa sababu zimelegea. Spoki iliyolegea hulegea na kukazika tena kila gurudumu linapozunguka, hadi chuma kinachoka na kukatikia kwenye kona yake, pale inapoingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Zibinye mbili mbili kwa vidole. Inayobonyea kuliko wenzake wa upande uleule, ikaze robo mzunguko, kisha zungusha gurudumu uone kama linayumba. Usilinganishe upande wa gia na ule mwingine. Wa gia hukazwa zaidi. Beba spoki za akiba za urefu wa kila upande, pamoja na kifaa cha kufungulia gia za nyuma, maana bila hicho spoki ya upande huo haiingii.

Ili gurudumu la nyuma lisilemewe, maji, jiko na chakula vihamishie mbele, chini karibu na ekseli. Nyuma bakiza hema na mfuko wa kulalia. Tairi za milimita 42 hadi 50 zinatosha kwenye kokoto. Boliti za keria zikague kila asubuhi. Taa usiache: mahandaki mengine ni giza tupu hata mchana.