Maswali na majibu: Video imegoma kucheza, tatizo ni faili au pleya?

Wiki hii mmeniletea maswali ya video mpaka basi. Nimechagua machache, ila jamani, ukiandika "video yangu haichezi, nisaidie" bila kusema faili linaishia na herufi gani, Windows yako ni ipi na skrini imeandika nini, unataka nipige ramli, na mimi siyo mganga.

Nina mafaili ya MP4 kama thelathini, yote yanacheza fresh kwenye pleya iliyokuja na Windows 10. Hili moja linatoa sauti tu, picha nyeusi. Mbona nalo ni MP4?

MP4 ni gunia tu ndugu yangu. MKV gunia, AVI gunia. Ndani ya gunia picha imefungashwa na kodeki yake, yaani njia ya kuibana na kuifungua, na sauti ina kodeki yake, sasa pleya inaweza ikawa inalijua gunia lakini kilichomo ndani haikijui, ndo hapo unasikia watu wanaongea huwaoni. Mafaili yako yale thelathini naamini ni H.264, kodeki ya tangu 2003 ambayo karibu kila kifaa kinaijua. Hilo moja ninavyolihisi ni H.265, wengine wanaiita HEVC, ilitoka 2013 na inabana faili mpaka karibu nusu ya ukubwa huku picha ikibaki vilevile. Kama limetoka kwenye iPhone basi hata sibishani, maana kuanzia iOS 11 ya 2017 simu zao zinazoiweza zinarekodi hivyo zenyewe usipobadilisha setingi. Microsoft wanaiuza kodeki hiyo kwenye duka lao kwa senti 99 za dola, lakini ya nini kulipa wakati pleya ya VLC imekuja nayo ndani? Na daunlodi MediaInfo, kiprogramu kidogo cha bure, unaliburuzia faili pale linakutajia kila kilichomo. Kabla hujaniandikia tena, anzia hapo.

Nikirineimu .mkv iwe .mp4 si itakubali kwenye simu?

Hapana. Umebadilisha maandishi ya nje ya gunia, mahindi hayajawa mchele.

Nilikuwa naangalia muvi mtandaoni ikaniambia kodeki yangu imepitwa na wakati nidaunlodi mpya. Niidaunlodi?

USIDAUNLODI. Hili nimelijibu mpaka nimechoka, na bado kuna mtu leo usiku ataibonyeza. Video ya kwenye brauza inachezwa na brauza yenyewe, hakuna muvi ya mtandaoni inayohitaji uinstoli kitu cha pembeni, ukiona tangazo la hivyo jua unaletewa mgeni wa kulala, programu chafu inayojibanza kwenye kompyuta.

Kuna dada aliniletea laptopu anasema imekuwa nzito. Naifungua nakuta pakiti tatu za kodeki, brauza imegeuzwa ukurasa wa mwanzo, matangazo yanaibuka hata ukiwa umefungua Word, na yote hayo alikuwa anatafuta kuangalia video moja ya sendofu ya mdogo wake. Nikalicheki lile faili, H.264 ya kawaida kabisa. Shida ilikuwa daunlodi imekatika katikati, faili la MB 700 limeingia 212 basi. Hata angeweka pakiti mia, lisingecheza.

Zamani pakiti zilikuwa na maana, sikatai. Miaka ya 2000 mwanzoni, enzi za DivX na Xvid, pleya ya Windows ilikuwa haina hizo kodeki kwa hiyo ulikuwa unaziweka mwenyewe, na ukiweka pakiti mbili zinagombana sauti inakimbia picha inabaki. Siku hizi pleya kama VLC, mpv na MPC-HC zinakuja na kodeki zao tumboni, hazigusi mambo ya Windows. VLC ilianza 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja kule Ufaransa na mpaka leo ni ya bure. Ichukue videolan.org, uiandike mwenyewe pale juu, usibonyeze tu tangazo la kwanza linalokuja ukisachi.

Na hili hukuuliza ila nakwambia: Windows huwa inaficha mwisho wa jina la faili. Unaona "muvi_mpya.mp4" kumbe ni "muvi_mpya.mp4.exe", hiyo siyo muvi ni programu, ukiibonyeza imeshaingia. Fungua folda, nenda View, weka tiki kwenye File name extensions. Na muvi nzima ya MB 2 umeiona wapi?

Naomba kraki ya VLC.

Soma jibu la juu. Ni ya bure. Unataka kraki ya kitu cha bure ili iweje?

Laptopu yangu ni Core i5, RAM GB 8, muvi za 4K zinagandaganda. Fundi kasema niongeze RAM.

Fundi anataka hela. Geuza laptopu au ingia System usome namba yote ya prosesa, "Core i5" peke yake hainiambii kitu. i5-3320M ni kizazi cha tatu, i5-8250U ni cha nane. Intel walianza kuweka sehemu maalumu ya kufungua H.265 kwenye kizazi cha sita, 2015, na ile ya biti 10, yenye rangi nyingi zaidi, ambayo muvi nyingi za 4K zinatumia ikaja kizazi cha saba. Chini ya hapo prosesa inafanya kazi yote kwa nguvu zake, feni inalia kama mashine ya kusaga na picha bado inakwama. Laptopu nyingi za mtumba ndo hizo. Tafuta kopi ya 720p au 1080p ya H.264, kwa kioo cha inchi 14 tofauti utaitafuta kwa tochi.

Kwenye TV kwa flashi picha ipo, sauti hamna. Kwenye kompyuta sauti ipo.

Hiyo sauti naamini ni DTS, kodeki mojawapo ya sauti. TV nyingi haziisomi, Samsung waliiondoa kuanzia TV zao za 2018. Kama una FFmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video na sauti kwa kuandika amri, andika: ffmpeg -i muvi.mkv -c:v copy -c:a ac3 muvi2.mkv. Picha haiguswi, inabadilishwa sauti tu, dakika chache imeisha. Wale wanaobadilisha muvi nzima usiku kucha kwa ajili ya sauti wanachosha kompyuta bure.

Faili la GB 5 linagoma kuingia kwenye flashi yenye nafasi GB 20.

Flashi imeformatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, mwisho wake faili moja GB 4. Hamisha vitu vyako kwanza, ndo uformati exFAT.

Nilikuwa narekodi harusi, umeme wa kamera ukakata, MP4 ina GB 6 lakini hakuna pleya inayoifungua. Nitumie ipi?

Hakuna pleya hapo. MP4 nyingi zinaandika faharasa yake mwishoni kamera ikizimwa vizuri, yako haikuandikwa, kwa hiyo picha zipo ila hakuna anayejua ipi inaanzia wapi. Acha kuitumia hiyo kadi sasa hivi, ikopi nzima kwenye kompyuta, halafu tafuta untrunc, programu ya kutengeneza MP4 zilizokatika hivyo. Itakuomba faili lingine zima lililorekodiwa na kamera hiyohiyo kwa setingi zilezile ili ilitumie kama kielelezo. Kwa hiyo kama zile klipu za asubuhi bibi harusi anapambwa bado unazo, usizifute.