Mpira ulienda mbele, na bado refa alikuwa sawa

Mvua ya alasiri ya Kakamega ilitunyeshea tangu mwanzo wa mechi ya raga, mpira ukawa unateleza kama sabuni. Namba nane wao akatujia kwa kasi, senta wetu akaupiga mpira palepale namba nane huyo alipoukumbatia kifuani. Ukachomoka, ukadunda kuelekea laini yetu. Sote tukasimama mikono juu tukingoja kipenga cha kosa la mpira kwenda mbele. Winga wao hakungoja. Alitokea nyuma, akauokota, akaenda kuweka trai, yaani kuubana mpira chini nyuma ya laini yetu, katikati ya milingoti huku sisi tukitazamana.

Nilimfuata refa nikimpayukia. Hakubishana nami. Aliwaacha wapige konvasheni, lile teke la nyongeza baada ya trai, ikaingia, kisha badala ya sisi kuanzisha mchezo upya akawapa penalti katikati ya uwanja kwa sababu ya mdomo wangu. Wakaupiga mpira nje karibu na laini yetu, na haki ya kuurusha ndani ikabaki yao.

Mechi ilipoisha nilimkuta bombani akitoa tope kwenye viatu. Aliniuliza swali moja tu: "Kijana, ule mpira ulimponyoka mwenyewe, au mwenzako aliupiga?"

Jibu nilikuwa nalo, na ndilo lililonifunga. Ukiuangusha mwenyewe ukaenda mbele, ni kosa. Lakini mpinzani akikunyang'anya au kuupiga ukatoka mikononi mwako ukaenda mbele, hakuna kosa, mchezo unaendelea. Nilikuwa nimecheza nafasi ya flanka kwa miaka sita na sikulijua hilo. Nilijua nilichoambiwa na kocha, naye alijua alichoambiwa na kocha wake. Sheria zenyewe ni 21 tu, World Rugby, wanaosimamia raga duniani, wameziweka mtandaoni bure pamoja na video. Nilizisoma kwa simu ndani ya matatu, nikienda na kurudi mazoezini.

Nilichogundua ni kwamba refa na shabiki hawatazami kitu kimoja. Shabiki anafuata mpira. Refa anafuata watu, tena kwa zamu, na hakuna pahali hilo linaonekana kama pale mtu anapokabwa, yaani anaposhikwa na kuangushwa akiwa na mpira.

Kwanza anamtazama aliyekaba: ameachia? Ameondoka njiani? Kisha anamtazama aliyekabwa, kama amekwisha uachilia mpira au anaukumbatia kama mtoto mchanga. Halafu ndipo anawatazama wanaofika. Hao lazima wapitie langoni, yaani watokee upande wa laini yao, si ubavuni, na wawe wamesimama kwa miguu yao wenyewe. Mikono ikishika ardhi mbele ya mpira ili kubeba uzito wa mwili, huyo hajasimama, hata kama miguu yake imenyooka namna gani. Kosa la kwanza kwenye foleni hiyo ndilo kwa kawaida linalopigiwa kipenga, ndiyo maana unaona mtu amelala juu ya mpira waziwazi lakini penalti inakwenda kwa timu yake. Kuna aliyetangulia kukosea.

Mikono nayo inachanganya. Ukifika wa kwanza, umesimama, ukashika mpira kabla raki haijaundwa, unaruhusiwa kuendelea kuuvuta hata wapinzani wakikujia. Ukichelewa, raki ikishaundwa, yaani mmoja wenu na mmoja wao wameshikana juu ya mpira, ukitia mkono ni penalti. Kwa aliye jukwaani matukio haya mawili ni picha ileile. Tofauti yake ni kupepesa jicho, na refa yuko mita chache kutoka hapo, wewe uko mbali na mahindi choma mkononi.

Kuna vitu vidogo ambavyo bado vinazua fujo kila wikendi. Kugusisha mpira kwenye sponji ya mlingoti hakujawa trai tangu 2020, ingawa wazee wa zamani wataapa. Na hili nalipenda kuliko yote: mchezaji aliye nje ya uwanja anaweza kufunga trai. Mpira ukiwa unabingirika ndani ya eneo la trai, naye hajaubeba, miguu yake ikiwa nje ya laini ya pembeni, akiunyoshea mkono na kuubana chini, ni trai halali. Niliwahi kubishania hilo Nakuru na jamaa mmoja mpaka chai ikapoa.

Ukiwa nahodha, acha kumuuliza refa "Hukuona?" Muulize "Umeona nini?" Hilo la kwanza ni tusi lenye alama ya kuuliza. Msimu wangu wa mwisho, mapumzikoni huko Kisumu, tulikuwa tumepigiwa penalti nne za raki na kila mtu alikuwa na hakika refa ametuchukia. Nilienda peke yangu nikauliza kwa upole. Akasema, "Namba sita wako anakaba vizuri, lakini akishaanguka naye haachii kabla ya kushika mpira. Nionyeshe mikono hewani kwanza."

Namba sita alinuna, akalalamika, akakubali. Kipindi cha pili alikaba, akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, akasimama, akarudi kwenye mpira. Akaunyakua mara mbili, na kipenga cha pili kililia kwa upande wetu.