Jibu: Nimetumiwa dodoso la vipaumbele vya utafiti wa afya, je muuguzi wa zahanati nijaze?

Dada mtoa mada, umesema uko zahanati huko Hai, umetumiwa linki ya dodoso la kupanga vipaumbele vya utafiti wa afya, na unasita kwa sababu orodha ya walioalikwa imejaa maprofesa. Waliotangulia hapa wamekwambia achana nalo. Mimi nakuomba ujaze, tena kwa makini. Nimefanya kazi za utafiti hapa Moshi kwa miaka mingi. Madodoso ya aina hii nimeyajaza, na mengine nimeyapokea na kuyachambua.

Kwa ulivyoeleza, hilo ni zoezi la mtindo wa CHNRI (Child Health and Nutrition Research Initiative), yaani njia ya kupanga vipaumbele vya utafiti kwa kukusanya alama za watu wengi, uliobuniwa katikati ya miaka ya 2000 kwa ajili ya utafiti wa afya na lishe ya watoto, kisha ukasambaa hadi magonjwa mengine. Kwanza kila mwalikwa anaandika maswali anayoona yanahitaji kutafitiwa. Waratibu wanaunganisha yanayofanana, halafu kila mtu, akiwa peke yake, anayapa alama. Vigezo vya kawaida ni vitano: swali linajibika? Jibu lake litazaa huduma inayofanya kazi? Huduma hiyo itawezekana kutolewa kwa mazingira yetu? Itapunguza mzigo wa ugonjwa kiasi gani? Itawafikia na wasio na uwezo? Ndiyo ni 1, hapana ni 0, unalijua jambo lakini hujaamua ni 0.5, na usilolijua unaliacha wazi. Wastani wa alama ndio unaopanga maswali kutoka la kwanza hadi la mwisho.

Hapo kwenye kuacha wazi pana tatizo ambalo nimeliona sana. Watu wanaona aibu kuacha nafasi, wanajaza 0.5 kila mahali. Sasa 0.5 inaingia kwenye hesabu na inalivuta swali kuelekea katikati, lakini nafasi iliyo wazi haihesabiwi kabisa. Kama hujui lolote kuhusu upasuaji wa moyo, acha wazi bila wasiwasi.

Kwa nini wakusanye maoni ya wengi badala ya kuwafungia wakubwa wachache hotelini siku mbili? Asili yake ni ya zamani. Mwaka 1907 Mwingereza Francis Galton alichapisha hesabu za shindano la kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe baada ya kuchinjwa kwenye maonyesho ya mifugo Plymouth. Alichambua tiketi 787. Kadirio la katikati lilikuwa ratili 1,207, na uzito halisi ulikuwa 1,198. Kila mmoja alikosea kivyake, huyu juu na yule chini, makosa yakafutana. Ila tazama sharti lililojificha humo: ili makosa yafutane, lazima yawe tofauti. Wote wakikosea upande mmoja, kuongeza watu hakusaidii kitu.

Na mfano wa hilo tunao hapa hapa nyumbani. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali za Moshi. Madaktari walisema asilimia 60.7 wana malaria. Maabara ikathibitisha asilimia 1.6. Kati ya waliopimwa magonjwa yatokanayo na wanyama, takriban robo walikutwa nayo: brusela (ile inayofanya ng'ombe watupe mimba), homa ya Q, homa za kupe, na leptospirosis, ambayo Watanzania wengi tuliijua kwa jina la homa ya mgunda ilipoibuka Lindi mwaka 2022. Madaktari wale hawakuwa wazembe. Walifundishwa kitu kimoja, wakafanya kazi kwa mwongozo mmoja na vipimo vile vile. Ungewaita mia wapange vipaumbele vya utafiti wa homa, malaria ingeongoza kwa makubaliano mazuri sana, na makubaliano hayo yangeonekana kama uhakika.

Ndiyo maana naamini kazi kubwa ya zoezi kama hili ni orodha ya walioalikwa. Hesabu zinakuja baadaye. Katika zoezi moja nililoshiriki, majina ya awali yalikuwa karibu yote ya hospitali kubwa na vyuo. Tukasukuma waongezwe wauguzi wa zahanati, maafisa mifugo na wakaguzi wa nyama. Maswali yakabadilika papo hapo. Mkaguzi mmoja wa machinjioni aliuliza kwa nini wachinjaji wake wanatibiwa malaria mara kwa mara na homa inarudi. Afisa mifugo akauliza ni nani anawaambia watu wa zahanati ng'ombe wa kijiji wanapotupa mimba. Maswali hayo hayakuwa yameandikwa na bingwa yeyote, na yalipopigiwa kura na wote, mabingwa wakiwemo, yalipanda juu.

Jambo jingine linaloniuma ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya kunywa. Ukipita Maji ya Chai, Ngurdoto hadi Ngarenanyuki unaona meno ya kahawia na watoto wenye miguu iliyopinda. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya kuzunguka Mlima Meru vinapita hapo kwa mbali. Magadi tunayolainishia maharage nayo huongeza. Lakini floraidi haiui. Mzigo wa ugonjwa ukipimwa kwa vifo peke yake, swali la floraidi linaanguka, hata kama kijiji kizima kinaishi nalo. Kwa hiyo ukifika kigezo cha mzigo, angalia wameufafanua vipi. Kama ni vifo tu, andika kwenye sehemu ya maoni kwamba ulemavu nao uhesabiwe. Waratibu wanasoma sehemu hiyo, nakuhakikishia.

Kuhusu maswali yako mwenyewe, usiandike "utafiti wa malaria" au "elimu kwa jamii". Hayo yanamezwa na yanayofanana nayo. Andika unachokiona kwenye rejista yako: mgonjwa wa homa ambaye kipimo cha malaria ni hasi, anapewa nini, anarudi baada ya muda gani, ana mifugo au hana. Swali likiwa na mgonjwa ndani yake, mwenye maabara atajua aanzie wapi.

Mwisho, waandikie waratibu uwaulize wangapi wamejibu kwa kila kada, na kama matokeo yatatolewa yakionyesha wauguzi walipanga nini na madaktari walipanga nini. Na kama linki inaruhusu kualika mwingine, mtumie afisa mifugo wa kata yako kabla dodoso halijafungwa.