Mkojo wa damu usiokoma: kabla ya dozi nyingine ya UTI, tafuteni kichocho

Mkuu, pole kwa dogo. Umesema ana miaka 19, amekulia Misungwi kule Mwanza, ameshapewa dozi za UTI mara tatu, damu inapotea kidogo kisha inarudi, na inatoka pale anapomalizia kukojoa. Mimi ni mtu wa maabara, nimefanya kazi kanda ya ziwa kwa miaka mingi. Damu ya mwisho wa mkojo kwa kijana aliyekua akiogelea malamboni na kulima majaruba ya mpunga, mimi naanza na kichocho (ugonjwa wa minyoo inayoingia mwilini kwenye maji kama hayo), mengine yanafuata.

Shida inaanzia kwenye kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo. Kinaonyesha damu na chembe nyeupe za damu, basi. Mayai ya minyoo hakiyaoni. Vikitokea vyote viwili, cheti kinaandikwa UTI, anapewa sipro (dawa ya bakteria), ikigoma anahamishiwa sindano, na hapo mkojo haujawahi kufika kwenye darubini. Hata ukifika, sampuli ya saa moja asubuhi, tone moja tu juu ya kioo, mara nyingi hutaona kitu. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Aende mida ya saa sita, kwanza apande na kushuka ngazi kidogo, halafu akojoe kwenye kopo mpaka tone la mwisho, maana humo ndimo mayai yanamojaa. Aombe mkojo uchujwe au uzungushwe kwenye mashine, mililita 10 hivi. Yai lina mwiba mkiani, halifanani na kitu kingine.

Mwiba ukiwa ubavuni, hicho ni kichocho cha tumbo, kile cha wavuvi na watu wa mwaloni. Hicho kinatafutwa kwenye choo kikubwa, na choo cha siku moja hakitoshi kama mayai ni machache. Nimeona vyeti vingi vya "kichocho hakuna" vya watu wa visiwani waliopimwa mkojo peke yake, wakati minyoo yao imekaa kwenye mishipa ya utumbo. Kikiachwa miaka, ini linaharibika, wengu unavimba, na wengine huishia kutapika damu.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, baada ya kula. Vidonge vingi ni vya miligramu 600, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anakunywa vinne. Watu wanaviogopa (ni vichungu kweli), wanameza viwili, kisha wanasema dawa ni feki. Tumbo litasokota na kizunguzungu kitakuwepo, kwa kawaida ni cha muda mfupi. Ila kama amewahi kuanguka kifafa, amwambie daktari kabla ya kumeza: mwenye mabuu ya tegu la nguruwe kwenye ubongo anaweza kupata degedege.

Dawa hii inaua minyoo iliyokomaa, michanga inapona. Ndiyo maana napenda mtu arudi kupima baada ya wiki sita hadi nane, ikibidi anywe tena. Na kama amerudi jarubani, usihesabu kuwa dawa imeshindwa. Vijidudu vya kichocho vinavyotoka kwenye konokono wa majini hupenya ngozi nzima kwa dakika chache, hakuna haja ya kidonda, na kuchemsha maji ya kunywa hakumsaidii anayeoga lamboni. Maji yaliyotekwa bila konokono yakakaa ndooni siku mbili, vijidudu hivyo vinakuwa vimeshakufa.

Dada uliyeuliza juu ya fangasi zisizoisha, na wewe umesema umekulia huko huko. Mayai ya kichocho hukwama pia kwenye mlango wa kizazi na ukeni: muwasho, uchafu, damu baada ya tendo. Unapewa vidonge vya fangasi, halafu dawa za zinaa, na nyumbani maneno yanaanza. Mkojo unaweza kuwa safi kabisa. Usikubali dozi nyingine kabla ya kuangaliwa mlango wa kizazi na mtu anayeujua ugonjwa huu, na umtajie mwenyewe ulikokulia, maana ukiwa Dar hakuna atakayekuuliza.

Dogo akimaliza dawa, mayai yasionekane tena lakini damu iendelee, apigwe ultrasound ya kibofu na figo, aonwe na daktari wa mfumo wa mkojo. Mayai yaliyokaa miaka kwenye ukuta wa kibofu yanaweza kuleta saratani. Na huyo mzee wako wa miaka 60 uliyemtaja kwa kupita, kama naye anakojoa damu, aanze na ultrasound wiki hii hii, vipimo vya kichocho vifanyike sambamba.